Foto Moja ya Donatien na Mapendo

Siku ya Mungu, saa nane ya mchana, misa imetoka, na plaji ya Uvira imejaa watu utafikiri ziwa linagawa sukari. Pélagie alishuka kwenye moto, ile pikipiki ya abiria, na watoto wake wawili, akakung'uta kwenye kitenge vumbi la njia ya kijijini kwao Runingu, na kabla hajavua hata kiatu kimoja wapiga foto walishamzunguka.

"Mama, leta batoto! Jua iko ya bure!"

Aliyepiga kelele kuliko wote ni Jean-Berchmans, kijana wa fulana nyekundu, aparei mbili za foto shingoni, moja nzima na moja ya kutishia watu. "Minye nabakamata foto sasa hivi! Dakika tano, foto inatoka klere!"

Klere! Uvira nzima njo neno wanalotaka. Uso uwe klere, ung'ae, ndugu wa mbali waseme kweli huyu mtoto anakula. Basi wapiga foto wanamsimamisha mtoto mbele ya jua kali, halafu wanaongeza na flashi juu yake, pah! Ndiyo maana ukifungua albamu za mji huu, kila mtoto amekunja uso kama amelamba ndimu.

Lakini Pélagie, klere hiyo ilishamtesa. Mkubwa wake, Donatien, miaka tisa, ni mweusi wa kupendeza, ule weusi wa mbegu ya papai. Mdogo, Mapendo, miaka sita, ni albino: nywele rangi ya mahindi, ngozi ya maziwa, macho ambayo jua linayachoma kama pilipili. Na kila wakipigwa pamoja, foto inachagua mmoja. Flashi ikiwa kali, Mapendo anayeyuka kwenye weupe, anakuwa gauni lisilo na kichwa. Wakiipunguza, Mapendo anaonekana vizuri, Donatien anabaki meno na shati. Mara nne alishajaribu, na hakuna foto hata moja yenye watoto wawili.

Na kesho asubuhi Donatien anapanda basi kwenda Bukavu, kusoma kwa mama mdogo wake. Mwaka mzima! Kwa hiyo leo njo leo.

Mapendo mwenyewe alishaamua. Kofia ameivuta mpaka puani.

"Minye sitaki foto," akasema. "Aparei hainionake."

"Inakuonaka, mama yangu," Pélagie akambembeleza.

"Hainionake. Inaonaka robe," akasema, akilivuta gauni lake.

Mtoto wa miaka sita, na anasema ukweli mtupu.

Wenzake wa kanisa walikuwa wamemwambia: usiende kwa wenye kelele, tafuta Zaina. Akamkuta chini ya bati la kibanda cha ndagala, dagaa wa ziwani, mama wa makamo, hijabu ya kijani, aparei imelala mapajani kama mtoto mchanga. Kwao ni zile familia za Kiislamu za zamani za Uvira, zilizofika na biashara ya ziwani zikiuza vitambaa. Zaina vitambaa hakuvipenda. Alipenda sura za watu, na aparei alijifundisha mwenyewe, foto baada ya foto.

Weh, huyu mama alivyoangalia! Nguo za kanisani hata hakuzitazama. Aliinama akasoma uso wa Donatien, akasoma uso wa Mapendo chini ya kofia, akarudi tena kwa Donatien. Kisha akageuka akaitazama milima nyuma ya mji.

"Mama, batakuwa bazuri sana," akasema. "Tungojee."

"Tungojee nini?"

"Mulima."

Jean-Berchmans alikuwa amewafuata, akaangua kicheko. "Mulima! Mama, huyu anangojea giza akamate popo! Minye niko hapa na jua nzima, yeye anakutafutia kivuli!"

"Jean-Berchmans, mwanangu," Zaina akamjibu taratibu, "weye unakamatake jua. Batu banapitaka tu mbele yake."

Kibanda kizima kilicheka, mwenye ndagala mpaka akamwaga chumvi.

Wakangoja. Saa tisa. Saa kumi. Pélagie alikuwa na wasiwasi, maana aliona wenzake wanapigwa, wanaondoka, na yeye amekaa tu anakula ndagala. Lakini Uvira ina jambo lake ambalo wengi wanalilalamikia: milima imesimama magharibi, juu kabisa ya mji, kwa hiyo jua linajificha mapema. Kwingine watu bado wanaanika nguo, hapa kivuli kinateremka, kinapita juu ya mabati, kinavuka barabara, kinaingia kwenye mchanga. Na ng'ambo, nakwambia, Burundi yote bado inawaka! Ziwa linang'aa, milima ya kule imepakwa dhahabu, na huku kwenu pamepoa kama ndani ya nyumba.

Kivuli kilipogusa miguu ya Mapendo, mtoto akasukuma kofia juu. Kidogo. Halafu tena kidogo. Halafu akaivua yote, akaangalia huku na huku, macho wazi.

Pélagie akashika kinywa. Macho ya binti yake yako wazi hivyo, nje, mchana! Yana rangi ya asali.

"Unaona?" Zaina akasimama. "Mulima imefika. Tufanye mbio, haikaake sana."

Akawasimamisha watoto mgongo kwa ziwa, uso kwa mlima. Akapiga ya kwanza bila flashi, akamwonyesha Pélagie kwenye kioo cha aparei. Ziwa linawaka kule nyuma. Mapendo yuko, mzima, na uso wake. Donatien amekuwa kivuli chenye shati.

"Mdogo, mwangaza ya juu inamtosha," Zaina akasema. "Mukubwa njo tunamwongezea. Yeye tu."

Akachomoa flashi juu ya aparei, waya wake mrefu ukafuata, akaifunga kitambaa cheupe. Kilikuwa mkono wa kanzu ya zamani ya baba yake. "Mwangaza ikipita humu inajifunza adabu," akasema, akamkabidhi Pélagie. "Shika. Simama upande wa mukubwa, karibu naye. Flashi ni kama ndoo ya maji: ukimwaga, wa karibu analowa, wa mbali anapata matone. Tunataka mdogo apate matone tu."

Pélagie hajawahi kushika kitu kama kile. Alikishika kwa mikono miwili kama anabeba yai. Pah!

Zaina akaangalia kioo, akatikisa kichwa. Mapendo ameungua kwa mwangaza, mweupe pee. Gauni bila kichwa.

"Tena." Pah! Gauni bila kichwa.

"Nilisema," Mapendo akanung'unika, na mkono wake ukaanza kutafuta kofia.

"Tena, haraka!" Lakini flashi nayo ilishachoka, batri zinaishiwa, taa yake nyekundu inakaa muda mrefu kabla ya kuwa tayari. Na kivuli kilishaanza kutembea juu ya maji. Kila dakika dhahabu inarudi nyuma kuelekea Burundi.

Zaina hakumtazama mtoto. Alimtazama Pélagie. "Mama, mkono yako inamfuata mdogo."

Kweli! Pélagie alisimama upande wa Donatien, lakini kila flashi ikitaka kupiga, mkono unageuka wenyewe kwa Mapendo. Miaka sita mkono huo unakimbilia Mapendo: na kofia, na mafuta, na kitenge cha kumfunika. Ungejuaje njia nyingine?

"Kwenu banakuitaka nani?" Zaina akauliza.

"Mama Mapendo."

"Mukubwa ni Mapendo?"

Mama anaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, hata kuku wa Runingu wanajua. Na zamani aliitwa kwa jina la mkubwa. Ila alipozaliwa Mapendo, mtoto anayeonekana kutoka mwisho wa shamba la mihogo, kijiji kizima kikabadilisha jina, hakuna aliyeamua, na yeye mwenyewe akaitikia. Donatien alikuwa anachora mchanga na kidole cha mguu, kama mtu asiyesikia.

Taa nyekundu ikawa kijani. Zaina akainua aparei.

"Mama Donatien!"

Hakuna aliyegeuka. Pélagie alidhani anaitwa mama mwingine kule nyuma.

"Mama Donatien! Mpatie mutoto wako mwangaza!"

Hapo Donatien akainua kichwa. Yaani alivyoinua! Kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mbele ya darasa kwa sababu amefaulu. Na Pélagie akamwona, akageuka mzima, mabega, kifua, mikono, flashi, vyote kwa yule mvulana. Mapendo naye akageuka kumwangalia kaka yake, aone kuna nini usoni kwake.

Pah!

Flashi ikafa palepale.

Zaina akaangalia kioo muda mrefu, kisha akakigeuza.

Mungu wangu! Donatien yuko, lile kovu dogo juu ya jicho, ile midomo inayozuia kucheka, shavu limepokea mwangaza kama limepakwa mafuta. Na Mapendo yuko, kope zake nyeupe unaweza kuzihesabu, madoa madogo puani, macho ya asali yanamtazama kaka. Na ziwa nyuma yao bado lina mstari mmoja wa dhahabu, wa mwisho.

Jean-Berchmans alisogea kwa dharau, akachungulia, dharau ikamwisha. "Mama Zaina," akasema kwa sauti ya chini, "hiyo kitambaa... banauzishaka wapi?"

"Kwanza jifunze kungojea. Kitambaa tutaongea."

Mapendo akajipenyeza katikati yao. Akagusa kioo na kidole, palepale puani. "Hizi ndogo-ndogo ni nini?"

"Njo weye hiyo," Pélagie akasema.

Mtoto akajigusa pua. Akaangalia kioo. Akajigusa tena. "Na huyu ni Dona," akasema, "na minye. Pamoja."

"Nitoe foto ngapi?" Zaina akauliza.

"Mbili," Pélagie akajibu. "Moja ya Bukavu, moja ya nyumba."

"Tatu!" Mapendo akaruka. "Moja yangu minye!"

"Yako peke yako? Na minye si niko ndani?" Donatien akamchokoza.

Mapendo akafikiri, kidole bado juu ya uso wa kaka yake.

"Kaa humo," akamwambia. "Usitoke."