Kitanzi Alichochora Prabha

Tangu yu mdogo Mize alikuwa mtu wa kuuliza. Mwalimu wake wa chuo cha Kurani alipata kumtoa nje kwa sababu alitaka kujua malaika anayeandika dhambi hutumia wino wa rangi gani. Alipoolewa na Bakar, mwendesha winchi wa bandarini, akahamia Kikwajuni, mjini Unguja, watu wake walidhani ndoa itamtuliza. Haikumtuliza. Ila watoto walimnyima nafasi, maana walikuja wakifuatana, huyu bado yumo ziwani na mwenziwe yumo tumboni.

Wa nne alizaliwa mwaka wa sitini na nane, na nusura aondoke na mama yake. Damu ilianza kumtoka alfajiri ikakataa kukatika. Bi Mwanapili, mkunga wa mtaa, alimkanda tumbo huku akisoma dua, mpaka gari ya hospitali ikafika. Mize alirudi nyumbani baada ya siku nyingi, viganja vyeupe kama unga, akisimama anashika ukuta.

Bi Mwanapili akaja kumtazama.

"Mwanangu, kizazi hiki kimechoka. Usibebe tena mimba karibuni."

"Nsibebe vipi, Bi Mwanapili?"

Mkunga akatoa uzi mweusi wenye mafundo, akamfunga kiunoni. Uzi umesomewa, alisema; siku akitaka mtoto ataufungua, basi.

"Na uzi unajuaje?" Mize akauliza.

"Unajuaje nini?"

"Unajuaje kazi yake? Biasha wa nyumba ya pili aliuvaa huuhuu, akazaa mapacha."

"Biasha aliufunga ovyo," Bi Mwanapili akajibu kwa hasira, akainua mkoba wake.

Mize aliuvaa uzi kwa kumheshimu mzee. Lakini akilini mwake lilimwingia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: kwamba labda ipo namna, na mahali fulani kuna mtu anayeijua, na yeye hajamuuliza.

Kumbe na mengine yalikuwa yanamngoja. Arubaini ilipokwisha, Bakar hakurudi chumbani. Alitandika mkeka wake ukumbini, akasema ndani kuna joto. Joto likaisha, masika yakaingia, mvua ikapiga mabati usiku na mchana, na Bakar bado yuko ukumbini. Alikuwa mwema vilevile. Analeta samaki, anambeba mtoto, anamuuliza mkewe kama amekunywa supu yake. Ila akimkaribia hujitenga, kama mtu aliyeona moto. Na kila Alkhamisi akitoka kazini huchelewa. Biasha ndiye aliyeleta habari.

"Mumeo nlimwona mtaa wa Mpendae, kavaa kanzu safi. Mimi sisemi kitu."

Lakini alikuwa keshasema. Mize alikaa na neno lile siku nzima, cherehani mbele yake, mguu hausukumi.

Alikuwa akishonea watu, na mmoja wa wateja wake alikuwa Prabha, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa huko Mji Mkongwe, katika kichochoro cha nyuma ya Darajani. Prabha alikuwa na watoto wawili, wa kike na wa kiume, wote wanasoma skuli, na tangu hapo hakuna mwengine. Mize alikuwa akiliona hilo miaka yote asilione. Siku alipompelekea blauzi zake, akakuta macho yake yanamtazama mama yule tumboni.

"Mize, una nini leo?" Prabha akauliza. "Blauzi imenikaa vibaya?"

"Imekukaa vizuri. Bi Prabha, nataka kukuuliza neno, na ukiniona sina adabu nifukuze."

"Uliza."

"Umefanyaje?"

Prabha alimtazama, akatazama mlango, akamtazama tena. Kisha akacheka, akaenda kufunga mlango wa dukani.

"Nilikwenda Bombay kwa mama yangu. Huko daktari akanitia kitanzi."

"Kitanzi!" Mize akajishika shingo. "Cha kunyongea?"

"La, we! Kidogo tu. Kinakaa ndani, kwenye kizazi."

"Kimetengenezwa na nini? Kinaingiaje? Kikipanda juu kikaja moyoni je?"

Prabha alichukua chaki ya kushonea kapuni mwa Mize, akachora juu ya kipande cha kitambaa cheusi. Ulikuwa mstari unaojikunja huku na huku kama nyoka anayekimbia, na chini yake nyuzi mbili. Plastiki, alisema. Mlango wa kizazi ni mdogo, hakiwezi kwenda popote. Nyuzi ni za daktari kushika siku ya kukitoa. Alimwambia pia kwamba hapa Unguja siku hizi mambo haya watu hawayasemi kwa sauti, lakini Dar es Salaam iko kliniki, na shoga yake mmoja alikwenda.

Mize alikitazama kitanzi kile cha chaki mpaka kikaingia kichwani. Alipoaga alikipangusa kwa kiganja, lakini njia nzima, akipita Mkunazini na kapu lake, kidole chake kilikuwa kikikichora hewani chini ya buibui.

Alkhamisi ilipofika hakungoja kuletewa habari. Bakar aliporudi, kanzu yake ina matope pindoni, Mize alimwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Mume wangu, Mpendae una nani?"

Tonge likakwama njiani. "Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe. Kama umeoa, niambie. Ntalia, lakini nitajua. Kutojua ndiko kunakoniua."

Bakar akarudisha tonge sahanini. Alikuwa mtu mkubwa, mikono yake imezoea vyuma, na sasa alikuwa akipangusa vidole kimoja kimoja.

"Sijaoa. Nnakwenda kwa Maalim Machano, aliyenisomesha Kurani. Nnataka kumuuliza kama inajuzu mtu kuzuia mimba. Nikifika naona haya. Namuuliza habari za saumu, za mirathi, nakunywa kahawa, narudi." Sauti ikawa ndogo. "Mize, siku ile mimi nliushika mkeka uliojifungulia kuutoa nje. Niliona damu yako. Nkikukaribia naiona ile damu. Nalala ukumbini kwa kuwa naogopa nitakuua."

Miezi yote ile Mize alikuwa akijipima kwenye kioo, akijiona amekonda, amechakaa, hatazamiki tena. Kumbe mwenziwe amelala nyuma ya ukuta na hofu yake peke yake. Alilia kidogo, akafuta macho kwa pembe ya kanga.

"Sasa kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Ungeniambia nini?"

"Ningekwambia kuhusu kitanzi."

Bakar akamtumbulia macho.

Alkhamisi iliyofuata walikwenda pamoja baada ya sala ya alasiri. Maalim Machano alikuwa mzee mwembamba, amekaa sebuleni na kofia yake magotini. Walimwamkia, akaitikia marahaba, kisha Bakar akaanza kama kawaida yake.

"Maalim, hizi mvua za mwaka huu..."

"Maalim," Mize akamkata kutoka upande wa pili wa pazia, alikokaa na mke wa mzee, "nlikuwa nife kwa uzazi. Tunataka kupumzisha kizazi kwa kitu kiitwacho kitanzi. Dini inasemaje?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Bakar, muda wote huu! Mimi nlidhani unatafuta mke wa pili, unaona haya kuniomba nikusemee."

Alipotulia aliwaeleza kwa upole. Jambo lenyewe si geni, alisema; tangu enzi za masahaba wapo wanaume waliokuwa wakimwaga nje, na wanazuoni wengi, kwa alivyosoma yeye, wameruhusu maadamu mke ameridhia.

"Lakini hicho kitanzi sikijui. Hebu nieleze, binti yangu. Kikoje? Kikitolewa, mtu huzaa tena?"

Mize akaeleza, pazia linatikisika kwa mikono yake inayokichora hewani. Maalim akauliza hili, akauliza lile, mpaka mkewe naye akaingiza la kwake: kinauma?

"Basi," mzee akasema mwishoni, "cha kuondoa kizazi kabisa nisingekuruhusuni. Hiki cha kupumzika, na wewe roho yako ilikuwa hatarini, mimi sioni kizuizi. Ila madhara yake mwilini simo. Hayo kamuulizeni daktari."

Wakaondoka kwenda Dar es Salaam, watu wakiambiwa wanakwenda kumtazama dada wa Bakar, Mwanamwema, anayeishi Magomeni. Na kweli walifikia kwake. Kliniki ilikuwa nyumba ya kawaida yenye mabenchi, wanawake wamejaa, na mwanamume ni Bakar peke yake, ameinama anatazama viatu vyake.

Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alimwingiza Mize, akamwekea kitu kiganjani. Kilikuwa kilekile cha kwenye kitambaa cheusi, cheupe, chepesi, kinapindika kwa kidole. Mize alikinyoosha, akakiachia, kikajikunja tena.

"Kinazuiaje hasa?" akauliza.

Muuguzi akatabasamu. "Nitakwambia kweli, mama, hata madaktari wenyewe bado wanabishana. Tunajua kinazuia. Namna gani hasa, bado wanatafuta."

Jibu lile lilimfurahisha Mize kuliko majibu yote aliyowahi kupewa maishani. Kumbe na wasomi wanauliza.

Lakini muuguzi alimvuta kope, akamtazama rangi ya ndani, akampima damu, akatikisa kichwa. "Kitanzi huongeza damu ya mwezi, na wewe damu yako ni haba. Leo sikuwekei. Meza vidonge vya chuma, kula mboga na maini, urudi nguvu zikikurudia."

"Na mpaka hapo?"

"Mwite mumeo."

Bakar akaingia. Alipowekewa mezani mipira ya kiume na kuelezwa namna ya kuvaa, jasho lilimtiririka kama yuko juu ya winchi saa sita ya mchana. Mize alijiuma midomo asicheke. Kisha Bakar akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza akauliza yeye:

"Ukipasuka, nifanye nini?"

"Swali zuri," muuguzi akasema, akavuta kiti, akakaa.

Mkeka wa ukumbini ulikunjwa wiki ileile waliporudi Kikwajuni. Mize alimeza vidonge vyake, akala maini mpaka yakamkinai, na baada ya kiangazi viganja vyake vikaanza kuwa na rangi. Mwaka uliofuata walivuka tena, akatiwa kitanzi. Kiliuma kidogo, kama alivyotaka kujua mke wa Maalim, na mwezi wa kwanza tumbo lilimsokota, kisha likatulia. Mtoto wa nne alinyonya mpaka akaliacha ziwa mwenyewe.

Habari hazikai Kikwajuni. Biasha ndiye aliyekuja mwanzo, mchana, amebeba pacha mmoja ubavuni na mwengine anamvuta kanga. Alizungukazunguka, akasifu cherehani, akasifu mapazia.

"Kaa kitako, Biasha," Mize akamwambia, akimsogezea kigoda. "Uliza tu."