Jipsamu Ndani ya Bandeji

Mchana Anselmo alikuwa fundi wa dari za jipsamu, jioni kocha wa ngumi. Nyumba nyingi mpya za Mkomaindo, mjini Masasi, zile za walimu na wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine, ukiinua macho sebuleni unaona maua aliyoyamimina yeye. Na kwenye ngumi alikuwa na bondia mmoja wa kujivunia: Dickson, mtoto wa dada yake Scholastika wa Chiungutwa. Baba wa Dickson alifariki mapema, na mjomba ndiye aliyemlea.

Mwezi wa nane Dickson alipangiwa kupigania mkanda wa kanda na Salmini, mkulima wa korosho kutoka Mnyambe, Newala, ambaye alikuwa hajapoteza hata pambano moja. Wiki mbili kabla, Dickson akateguka kifundo cha mkono wa kulia mazoezini. Anselmo hakutaka kuahirisha. Mkanda huohuo aliwahi kuupigania mwenyewe ujanani, akaangushwa raundi ya pili mbele ya watu wa kwao, na jambo hilo halikuwahi kumtoka moyoni.

Asubuhi ya pambano alijifungia stoo. Akakunjua bandeji mbili za kufungia mikono, akanyunyiza unga wa jipsamu katikati, akazikunja upya. Alijiambia anaukinga ule mkono ulioumia. Lakini aliweka kwenye bandeji zote mbili, na mkono wa kushoto haukuwa na tatizo lolote.

Gideoni, kocha wa Salmini, alikuja kusimamia ufungaji kama taratibu zinavyotaka. Aliminya huku, akaminya kule, akaona laini, akaridhika. Unga ulikuwa bado mkavu. Jasho ndilo lililofanya kazi iliyobaki.

Mwisho wa raundi ya tatu Dickson alikaa kwenye stuli akihema.

"Mjomba, leo mikono mizito."

"Hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Nenda kamalize."

Raundi ya tano Salmini alianguka kifudifudi. Walipomgeuza, jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, na shavu limechanika kwa namna ambayo Anselmo, katika miaka yake yote ya ngumi, hakuwahi kuona glovu ikichana.

Gideoni akapanda ulingoni akipiga kelele kwamba bandeji zikaguliwe. Nani wa kumsikiliza? Watu walikwishambeba Dickson juu juu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Anselmo alizikata kwa mkasi, zikatoka kama maganda.

"Mbona ngumu hivi?" Dickson akauliza.

"Jasho na gundi ya plasta."

Kijana akacheka. Akaamini. Waamuzi walipoingia, Anselmo aliwaambia amezitumbukiza chooni. Zilikuwa kwenye mfuko wake, chini ya taulo.

Kamati ya ngumi ilikaa Masasi mwezi uliofuata. Salmini alikuja jicho limezibwa; madaktari walikwishamwambia halitaona tena. Alisema maneno machache: ngumi zile hazikuwa za mkono wa mtu. Gideoni akasema wazi kwamba ndani ya bandeji kulikuwa na kitu. Mwenyekiti akamuuliza Dickson ana lipi la kujibu, na Dickson, bila kuombwa na mtu, akasimama, akainua mkono.

"Mimi ni mtoto wa kanisani. Kama mikono yangu ilikuwa na kitu, Mungu ayapofushe macho yangu haya."

Anselmo alikuwa ameketi karibu yake, magoti yakigusana. Akafungua mdomo, akaufunga. Kamati ikaamua hakuna ushahidi. Gideoni akafungiwa miezi sita kwa kuchafua jina la mshindi. Nje watu wa Masasi wakamzomea Salmini, na Anselmo akapita katikati yao akipeana mikono.

Tangu siku hiyo akawa anaacha chakula sahanini. Mkewe, Josephina, akauliza, akachoka kuuliza. Kazini, kila alipochanganya jipsamu na maji, alihesabu kimoyomoyo dakika za kukauka, kisha anaacha kila kitu na kwenda kukaa nje.

Mwezi wa kumi Scholastika akapiga simu kumwambia Dickson anaumwa macho. Anselmo alichukua bodaboda mpaka Chiungutwa bila kubadili nguo za kazi. Akamkuta kijana ameketi barazani, macho mekundu kama pilipili, yanatoka tongotongo.

"Shikamoo, mjomba. Sikuoni vizuri, ila harufu ya jipsamu naijua."

Ulikuwa ugonjwa wa macho tu, nusu ya kijiji walikuwa nao, na wiki haikuisha akapona. Lakini Anselmo alikwishapata aliyopata. Kijana aliapa kwa dhambi isiyokuwa yake, na yeye alikaa kimya akimwachia aibebe.

Asubuhi moja akapanda gari la Newala, na kutoka mjini akachukua pikipiki hadi Mnyambe. Salmini alikuwa shambani, anaokota korosho pamoja na mkewe. Mara mbili Anselmo alimwona akipeleka mkono pembeni ya bibo, lile tunda la korosho, akipapasa, kisha ndipo analishika.

"Shikamoo, mzee," Salmini alisema alipomtambua. Hakutabasamu.

"Marahaba." Anselmo akafungua mfuko, akatoa yale maganda mawili, akayaweka chini. "Ulisema kweli. Niliweka jipsamu. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Salmini aliyaokota, akayagonga moja kwa jingine. Yakalia kama vigae. Kisha akamwita mkewe.

"Mama Somoe! Njoo usikie. Mzee, rudia."

Anselmo akarudia. Mwanamke akaweka ndoo chini.

"Unajua walisema nini hapa kijijini?" Salmini aliuliza. "Walisema nimeuza pambano, halafu najisingizia. Hata huyu hapa aliniuliza. Jicho limeondoka, sawa, limeondoka. Lakini kuitwa mwongo nyumbani kwangu!"

"Nisamehe, Baba Somoe," mkewe alisema taratibu. Anselmo alitaka kusema neno hilohilo, akaona hastahili hata kulifuatisha.

"Dickson anajua?"

"Hajui."

"Basi umekosea njia. Ungeanza kwake." Salmini akamrudishia yale maganda. "Nenda. Ukishamwambia, uyapeleke kwenye kamati. Mimi sina la kukuambia leo."

Jioni hiyohiyo Anselmo alimwambia Dickson mbele ya mama yake. Scholastika alijifunika uso kwa khanga. Dickson hakupiga kelele. Aliigeuza mikono yake, akaiangalia huku na huku.

"Kwa hiyo si mimi niliyempiga."

"Dickson, ule mkono ulikuwa umeumia, nili..."

"Ungeniambia niumie. Ningeumia." Akaishusha mikono. "Niliapa, mjomba. Ulinisikia naapa."

Akaingia ndani. Alitoka na mkanda, akamwekea mjomba wake mapajani, akaondoka kuelekea barabarani.

Kamati ilikaa tena. Safari hii Anselmo alisimama mwenyewe na kueleza yote, tangu stoo hadi taulo. Akafungiwa maisha, na polisi wakachukua maelezo. Kesi ikaanza, tarehe zikawa zinasogezwa. Ushindi ukafutwa. Gideoni akaondolewa adhabu, na mkanda akakabidhiwa Salmini, ambaye aliupokea kwa mkono mmoja bila kuuangalia. Mlangoni Dickson alimsubiri. Walizungumza pembeni kwa muda. Anselmo hakusikia waliyosema, na hakusogea.

Mwaka uliofuata akasikia Dickson anafanya mazoezi Newala, kwa Gideoni, na kwamba mikono yake anaifunga mwenyewe, hamruhusu mtu. Siku ya pambano lake la kwanza Anselmo hakwenda, asingeruhusiwa kuingia. Kesho yake asubuhi alimpigia dada yake.

"Kashindwa," Scholastika alisema. "Kwa pointi. Lakini amerudi anacheka, kala ugali sahani mbili."

Anselmo akaibana simu sikioni.

"Aliniulizia?"

"Hapana, kaka," dada yake akajibu. "Hakukuulizia."