Maneno Mawili ya Mwalimu Kanesada

Asubuhi ya nne tangu ndui iingie nyumbani kwake, Mwalimu Miyoshi Kanesada alikuwa bado anapekua vitabu vya kale vya Uchina, akitafuta maneno mawili. Kyoto nzima ilikuwa inazika, na maradhi yakizidi hivyo, ikulu hubadilisha jina la miaka, lile ambalo watu huhesabia mwaka wa kwanza, wa pili na kuendelea, ili mambo yaanze upya. Jina lenyewe huwa la maneno mawili, na halitungwi hivi hivi. Sharti litoke kwenye kitabu cha kale. Nyuma ya pazia binti yake Tazu, mwenye miaka saba, alikuwa akiwaka homa.

Alipofika kwenye mstari unaosema mtawala akitulia watu huishi sana, maneno "utulivu" na "umri" yakabanduka karatasini. Yalikuwa na wino mbichi, baridi kidogo. Hakuwa na pa kuyaweka, akayaweka kwenye paji la uso la Tazu. Homa ikashuka, mtoto akaomba uji.

"Yaache hapo hapo, baba Tazu," mkewe akamwambia. "Watu wa ikulu wana matabibu wao."

Lakini baraza lilikuwa siku hiyo hiyo, na mwalimu asiyepeleka jina hupoteza cheo. Akajiambia kwamba jina likipita litaponya mji mzima, Tazu akiwemo. Alijua anajidanganya. Akayabandua maneno pajini, akayafunga kwenye karatasi, akaenda.

Desturi ya baraza ni kwamba kila jina litafutiwe kasoro. Maneno yalitambaa mezani, mawaziri wakayarudisha katikati kwa ncha za pepeo zao za mkononi. Mmoja alikumbuka kwamba ikulu iliwahi kuungua katika miaka iliyopewa jina lenye neno utulivu.

"Na huo umri ni wa nani, wa kobe?" akauliza mwingine. Wakacheka.

Likapita jina la mwalimu mwingine, Afya Tele, ambalo halikuwa na kasoro wala halikutikisika hata kidogo.

Kanesada alipiga magoti akaomba arudishiwe maneno yake. Karani alimjibu kwa upole.

"Yameshasomwa mbele ya Mfalme, Mwalimu. Yanakaa sandukuni. Huenda yakafaa miaka mia ijayo."

Tazu alikufa kabla ya jua kuzama. Mtawa wa mazishi alikuwa hajajifunza kuandika jina jipya la miaka, akamwachia Kanesada kalamu na kibao cha kaburi. Kanesada akaandika kwa Kichina, kwa mwandiko wake mzuri: Tazu, binti wa Miyoshi, amefariki mwaka wa kwanza wa Afya Tele.

Mkewe, ambaye hakufundishwa kusoma Kichina, akamuuliza ameandika nini. Akamsomea.