Tiketi ya Kwenda Kampala

Siku Olga alipopata jibu kwamba amekubaliwa kwenye chuo cha ushonaji huko Nairobi, cherehani yake pale sokoni Kasongo ililala mpaka jioni. Wateja waliokuja kuchukua nguo zao waliishia kuimba naye. Mama yake, Marcelline, aliyekuwa ameleta mihogo kutoka Wamaza, aliketi juu ya gunia akaitikia pongezi kana kwamba yeye ndiye msafiri.

Mambo ya safari hakuna aliyeyajua vizuri ila mama Binti, muuza vikwembe, yaani vitenge, wa duka la jirani, ambaye alishafika hata Dubai kufuata mali. Olga na mama yake wakaenda kuketi kwake. Mama Binti akaeleza bila haraka: kadi ya chanjo ya homa ya manjano isikae ndani ya valizi pamoja na nguo, ikae mkononi pamoja na pasipoti, barua ya chuo aitoe kopi, namba ya mwenyeji aiandike kwenye karatasi, maana simu huzimika palepale inapotakiwa. Kisha akauliza tiketi ya kutoka Nairobi iko wapi.

Olga hakuelewa. Yeye alikuwa anahama, hakuwa anatembea.

"Hajaingia bado, tayari wanamuuliza atatoka siku gani?" akasema Marcelline. "Mugeni anapokelewa vile?"

Mama Binti alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akawaeleza kwamba kampuni za ndege huogopa kumrudisha kwa gharama zao abiria aliyekataliwa mpakani, kwa hiyo mtu wa kaunta anaweza kutaka kuona jinsi utakavyotoka. Gaston, kaka yake Olga aliyekuwa amewafuata, akadakia kwamba ana rafiki mwenye kompyuta anayeweza kutengeneza tiketi isiyotofautiana na ya kweli.

"Hapana, mutoto wangu," akasema mama Binti. "Karatasi ya uongo itamuangusha mbele ya watu. Akate ya kweli, hata ya basi, ya kuingia inchi ingine. Lakini aulize kwanza kama wataikubali."

Olga akaiuliza kampuni ya ndege, wakamwambia ya basi inatosha. Akakata ya Kampala. Alijiambia ameichagua kwa kuwa ni karibu. Lakini Kampala ndiko alikoishi dada yake Rachelle, aliyekimbia na majirani vita vilipofika upande wa Kabambare, Olga akiwa bado anabebwa mgongoni. Tangu hapo walijuana kwa sauti za simu tu. Habari ya kuonana hakuna aliyeigusa pale nyumbani, wasije wakalizana bure.

Basi safari ikaanza: pikipiki mpaka Kindu, ndege mpaka Kinshasa. Kwenye kaunta ya ndege ya Nairobi, binti mmoja mpole akageuza kurasa za pasipoti, akaomba tiketi ya kutokea, akaisoma. Akauliza Kampala anaenda kufanya nini. Olga alikuwa ameandaa maelezo marefu, lakini mdomo ukamtangulia.

"Ninaenda kumuona yaya yangu, dada yangu mukubwa."

Aliyasikia maneno yake kama ya mtu mwingine, naye akajua ni kweli. Ndani ya ndege alitabasamu peke yake hadi mzee wa kiti cha pili akamuuliza kama anaenda kuolewa.

Alipofika Nairobi, masomo yalikuwa hayajaanza. Chuo kilipomhakikishia kwamba ataingia tena Kenya bila shida, akampigia Rachelle aje kumpokea, akapanda lile basi.

Aliposhuka Kampala alimwona mwanamke anayebishana na dereva wa pikipiki, amesimama mikono kiunoni, mguu mmoja mbele, vilevile kama Marcelline anavyosimama. Olga akaita jina. Rachelle aligeuka akaja mbio, sandali moja ikabaki kwenye matope, na mabinti zake wawili wakacheka kumwona mama yao anarukaruka. Rachelle alimshika mdogo wake mashavu, akamtazama, akamkumbatia, akamwachia amtazame tena.

Baada ya chakula wakampigia mama yao kwa video. Marcelline alikuwa amepanda kilima nyuma ya Wamaza kutafuta mtandao, majirani wamemfuata. Picha ilikatika, ikarudi.

"Musogeleane kidogo," akasema. "Nataka kuwaona wote wawili."

Walikuwa tayari shavu kwa shavu.