Ndoo Saba za Simu ya Matondoni

Mwaka wa sitini na tano kampuni moja ya kuuza boriti iliamua kwamba ofisi yake ya Langoni na uwanja wake wa Matondoni lazima visemezane kwa simu. Aliyepewa kazi hiyo aliitwa Nicodemus Ombati, mtu wa Kisii, ana wiki tatu tu tangu ashuke Lamu, ambayo wenyewe huiita Amu, na hakutaka suruali yake iguse mchanga wala punda. Basi mradi wote aliuendesha akiwa kitini.

Ukutani alibandika karatasi pana aliyoigawa vyumba: Nguzo, Waya, Mashine, Majaribio. Kila Jumamosi alivipaka rangi. Kijani, kazi inakwenda. Manjano, inasuasua. Nyekundu, imekwama. Bi Edah, mpiga taipu, aliitoa ripoti nakala tatu, ikaenda Mombasa kwa mkubwa wao, Bwana Hudson. Naye alikwisha kuandika kwa mkono wake: simu isipolia kufikia tarehe thelathini, Nicodemus arudi bohari akapange misumari. Na Nicodemus kule kwao amekwisha watangazia wakwe kwamba yeye sasa ni bwana mradi. Atarudi vipi kwenye misumari?

Nguzo arobaini zilisimama bila neno. Ya arobaini na moja ikakwama. Fundi Obeid, aliyekuwa huko Matondoni na vibarua, akampa Madi mwenye punda kikaratasi: "Ndoo upesi. Nguzo imekwama."

Sasa, Mwamu akitaka kukwambia njoo, husema ndoo. Nicodemus, mtu wa milimani, ndoo aliyoijua ni ile ya maji.

"Ndoo ya nini kwenye nguzo?" Bi Edah akauliza.

"Ya kuchanganyia saruji, Bi Edah. Ufundi huo, wewe piga taipu."

Ndoo mpya ya bati ikapanda punda. Madi hakujua kusoma, na mzigo kwake ni mzigo. Kesho yake akarudi na kikaratasi kingine: "Ndoo mwenyewe!"

Nicodemus akakisoma mara mbili, akacheka kwa huruma. "Hawa watu wa pwani husema Kiswahili ni chao, na ngeli hawazijui. Alitaka kusema ndoo yenyewe. Yaani ile tuliyompelekea ni kijindoo."

Zikaenda mbili, kubwa. Wiki ya pili kikaja kikaratasi kimekwaruzwa kwa hasira, kalamu imetoboa: "Ndoo! Ndoo! Ndoo! Ndoo!"

"Nne," alisema Nicodemus.

Jumamosi ikafika, na chumba cha Nguzo kilistahili nyekundu. Akaiinua kalamu nyekundu, akairudisha mezani. Mwisho akachora chumba kipya, akakiita Ndoo, akakipaka kijani mpaka karatasi ikalowa: saba kati ya saba, asilimia mia. Nguzo akazipa manjano hafifu, ya mtu mwenye aibu.

Mombasa ikajibu kwa telegramu: NDOO HATUA NZURI. ENDELEA. NAJA TAREHE ISHIRINI NA NANE.

Siku hiyo Bwana Hudson akataka kuona kwa macho. Nicodemus akapanda punda kwa mara ya kwanza, amekumbatia shingo ya mnyama kama anayeagana na ndugu. Wakazifuata nguzo, moja, moja, mpaka ya arobaini. Ya arobaini na moja ilikuwa imelala chini, kando ya ua wa Bi Mwanamkisi. Na juu ya ukuta wa ua, ndoo saba zinang'aa, mbili zimepandwa rihani.

Obeid alitupa sururu chini. "Bwana! Wiki mbili nakwita! Ndoo, ndoo, ndoo!"

"Nimekuletea saba!"

Obeid akamtazama. Kisha akakaa chini mchangani, akashika mbavu. "Lahaula! Bwana, kwetu ndoo ni kuja! Nilitaka ulete miguu!"

Bi Mwanamkisi akatokea mlangoni, mwiko mkononi. "Ndiye huyu? Nilisema jambo moja tu: mwenye mradi aye mwenyewe, abishe hodi, anitake ruhusa ya kusimamisha mti wake hapa jikoni kwangu. Haji! Aleta ndoo! Majirani waniuliza, Mwanamkisi, mtu huyu atuma posa ama atuma kisima?"

Vibarua wakaangua kicheko. Nicodemus alimgeukia mkubwa wake, misumari tayari anaiona. Lakini Bwana Hudson alikuwa akipangusa jasho jingi kuliko yeye.

"Nicodemus," alinong'ona. "Mimi nimewaandikia Nairobi kwamba ndoo zile ni shauri langu."

"Wamesemaje, bwana?"

"Wamependa. Wanataka miradi yote ya pwani ipewe ndoo." Akaitazama nguzo iliyolala. "Simu hii ilie. Isipolia, bohari tutakwenda wawili."

Nicodemus akavua viatu. Akarudi nyuma hatua tatu kama mgeni wa haki, akabisha: "Hodi, Bi Mwanamkisi."

"Hodi ya nani?"

"Ya mjinga, mama."

Hapo bibi akalegea. "Karibu. Mti usogee hatua mbili, moshi wangu upate ndia. Na simu ikipona, wa kwanza kuisemea ni mimi."

"Wewe, mama. Wallahi," alisema Nicodemus, Mkristo wa watu.

Nguzo ikasimama jioni ile ile. Waya ukavutwa siku mbili mfululizo, na tarehe thelathini, alasiri, kengele ikalia Langoni. Nicodemus alikimbia ukutani, akavipaka kijani vyumba vyote kwa mpigo. Bwana Hudson akavuta kiti karibu na mashine apate kuijaribu, lakini kutoka Matondoni Bi Mwanamkisi alikwisha mpata shoga yake Swafiya, aliyekuwa ameketi kwenye meza ya Bi Edah tangu adhuhuri akingoja. Walianza na harusi ya huko Faza. Magharibi ikaadhiniwa, wako kwenye mahari.

"Ofisi itasema lini?" aliuliza Bwana Hudson.

"Wakimaliza, bwana."