Mstari Uliorukwa

Kosa ni langu, si la kompyuta. Nalisema mapema maana nimechoka kuwasikia wenzangu ofisini wakinifariji.

Hospitali ilitaka vitabu vyote vya wodi ya wazazi viingizwe kwenye kompyuta. Kazi ikaniangukia mimi, karani wa kumbukumbu. Jamani, vitabu vile! Kila mtoto kaandikwa mara mbili: mara chumba cha kujifungulia, mara wodini. Ningeviingiza hivyo hivyo, tungeonekana tumezalisha watoto maradufu. Basi nikaipa kompyuta amri: jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na jinsia vikilingana na mstari uliokwisha kuingia, ruka, wala usinisumbue. Ikaruka kimya kimya. Mimi huyo, kifua mbele wiki nzima, najiona mjanja. Vitabu vilikuwa vimeota ukungu, vikachomwa moto.

Juzi asubuhi akaja mama mmoja dirishani, kamshika mkono binti wa miaka sita hivi.

"Samahani kaka, naomba taarifa za mwanangu."

Nikatafuta, nikampata. "Wa kike, kilo mbili na nusu. Ndiye huyu? Hongera, amekua."

"Huyo ni huyu. Mimi namtaka pacha wake."

Nikaacha kuchapa.

"Alikaa siku mbili tu," akasema. "Mimi nilikuwa hoi, sijitambui. Nilipozinduka walikuwa wameshamzika. Sikumwona hata uso, kaka. Nesi aliniambia kila kitu kimeandikwa kitabuni, saa aliyozaliwa, uzito wake. Miaka yote hii sikuwa na ujasiri wa kuja kuuliza. Leo nimejikaza."

Nikatafuta tena, huku najua sipati kitu. Mama mmoja, tarehe moja, wote wa kike.

"Mama, kompyuta ilidhani ni mtoto yule yule kaandikwa tena."

"Ilidhani?"

"Mimi ndiye niliyeiambia hivyo."

Nilitamani anitukane. Mimi mtu wa hasira, matusi ningeyaweza. Yeye akamfunga binti yake kifungo cha gauni ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Na vitabu?"

"Vimechomwa."

"Basi mwandike sasa. Angalau awepo."

Nikafungua mstari mpya. Jina la mama, tarehe, jinsia. Kompyuta ikauruka kimya kimya, kama nilivyoifundisha: mtoto huyu yupo tayari. Nikaitukana kwa sauti, mpaka binti akacheka. Nikaiondoa ile amri yangu, nikaandika upya. Safari hii ikakubali, ikasogea kwenye nafasi inayofuata.

"Uzito?" nikauliza kwa mazoea, macho kwenye kioo.

Nikainua uso. Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hayafuti.

"Kaka," akasema taratibu, "hicho ndicho nilichokuja kukuuliza wewe."