Kumpisha Mama Mkwe

Watu wa Usevya wakiniona wanacheka, na wengi wanaocheka hata hawakuwepo. Wamesimuliwa na watu ambao nao walisimuliwa. Sasa nasema mimi mwenyewe, Manyanda, niliyekuwepo, na anayetaka kucheka acheke baada ya kusikia, si kabla.

Mwaka ule wa tisini na sita nilitaka kumwoa Nyanzala. Baba yake alishakubali. Tatizo lilikuwa mama yake, ambaye jina lake silitaji mpaka leo, maana kwetu Wasukuma jina la mama mkwe halitajwi hovyo. Yeye alikuwa na neno moja tu juu yangu: huyu kijana hamalizi kitu. Na kweli nilikuwa nimeanza ushonaji nikaacha, nimelima mpunga kule Mamba nikaondoka kabla ya kuvuna, nimechimba kisima kikanifika kiunoni nikaenda kupumzika mpaka leo. Akasema binti yake haendi kwa mwanaume wa nusu. Nimalize jambo moja, lolote lile, alione kwa macho yake, ndipo tuzungumze.

Ndipo Rafaeli, mwenye duka la baiskeli pale Mpanda, akatangaza mbio zake. Unatoka Mpanda mjini mpaka Usevya, siku mbili, kwa njia ya porini inayoambaa kando ya hifadhi. Kila mkimbiaji anaondoka peke yake, wa nyuma anasubiri mpaka wa mbele apotee machoni, ili watu wasikokotane. Nyuma ya wote linakuja lori. Likikukuta umekaa chini unapakiwa, unapewa soda, na mbio zako zimeishia hapo. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya. Mimi baiskeli sikuitaka, nilitaka kufika Usevya kwa miguu yangu.

Nilianza vizuri, nimevaa katambuga za tairi, begani nina mfuko wa michembe, viazi vikavu alivyonifungia Nyanzala. Mpaka Sitalike nilijiona bingwa. Nikanywa uji pale darajani, nikawatazama viboko walivyojilundika kwenye matope, nikawasikitikia kwa uvivu wao. Jioni yake nilikuwa nawaonea wivu.

Watu hudhani mbio ndefu ni kazi ya miguu. Wapi. Miguu inachoka mapema, halafu inanyamaza. Kinachobaki ni kichwa, na kichwa kikikaa peke yake porini kinaanza umbea. Changu kilianza na tangazo la sabuni la redioni, kikalirudia mpaka nikatamani kukivua nikitundike mtini pamoja na mizinga ya nyuki. Kisha goti la kushoto likalalamika kwamba la kulia linategea. Nikayapatanisha. Mbung'o walipozidi kuniuma mgongoni, nikawaomba waume kwa zamu. Niliyasema hayo kwa sauti, kwa adabu zote, na wala sikuona ajabu.

Usiku, lori nalo likiwa limesimama, nililala juu ya mti kama furushi. Asubuhi, sijaenda mbali, nikamkuta mama mkwe. Amekaa juu ya kichuguu, anapepeta mchele. Sasa kwetu ukikutana na mama mkwe njiani humpiti hivi hivi. Unatoka njiani, unaingia majanini, unageuza uso mpaka apite. Nikafanya hivyo, nikajitupa kichakani. Kichaka kilikuwa cha upupu. Nilijikuna huku nachezacheza kama niko ngomani, na nilipochungulia, juu ya kichuguu hapakuwa na mtu.

Mbele kidogo nikamkuta kwenye kijito anasugua sufuria. Nikaingia majanini, safari hii miiba. Mara ya tatu alikuwa juu ya mti, mwanamke mzito vile, amekaa tawini ananiangalia. Nikaingia majanini tena, na nikiwa huko nikasikia lori linanguruma nyuma yangu. Hapo hasira zikanipanda. Nikachukua kipande cha michembe nikamrushia. Akageuka nundu ya mti. Nikaelewa kwamba ni kichwa changu kile kile kimbea.

Basi sikumpisha tena. Kila alipotokea nilimwendea moja kwa moja, naye akawa kisiki, au kivuli, na mara moja akawa nyani kweli, tukatazamana kila mmoja akashika njia yake.

Na kwa kuwa hakuwa yeye, nikaanza kumwambia yote ambayo mtu hawezi kumwambia mama mkwe. Nilimwambia namwogopa kuliko simba. Nilimwambia ugali wake una madonge. Yeye alikuwa na jibu moja. Miguu ikinibembeleza nikae, yeye anasimama pembeni na kusema, "Nilijua." Basi, hilo tu. Nikawa siwezi kukaa. Kufikia mchana nilikuwa nimemzoea, asipoonekana kwa muda namwita. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, na mwanamke yule wa kichwani ndiye aliyenifikisha kwenye majaruba ya mpunga ya Usevya.

Pale barabara ni nyembamba, imeinuliwa katikati ya mpunga, na mwisho wake nikamwona Rafaeli na bendera yake, na watu wamejaa. Katikati ya barabara alisimama mama mkwe, ameshika kata ya maji.

"Mayu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama, "umekuja tena? Safari hii umeleta na maji."

Akaninyooshea kata.

"Leo husemi ulijua? Haya. Usingekuwa wewe ningepanda lori tangu asubuhi. Lakini ugali wako, mayu, nimeshakwambia, una madonge. Sasa nipishe."

Nikampitia katikati.

Hakupitika. Alikuwa na bega, na bega lilikuwa la moto na zito, na tulipogongana yeye akaenda upande, kata ikaenda upande wake, halafu nikasikia chubwi kwenye jaruba. Visiki havisemi chubwi.

 Adabu ya nyumbani ikanishika yenyewe, nikaruka upande wa pili, nikachuchumaa kwenye mpunga, nimefunika uso kwa mikono miwili. Nikamsikia akipanda barabarani, matope yanamdondoka. Akasimama pale pale. Na yeye akiwa amesimama pale, mimi siwezi kutoka.

Lori likafika. Dereva, Aloyce, akachungulia dirishani.

"Manyanda, umekaa?"

"Nimechuchumaa."

"Kuchuchumaa si kukaa?"

"Makalio yangu hayajagusa chini, Aloyce. Shuka uangalie."

Akashuka, akaangalia kweli, akasema bado, lakini yamekaribia sana. Mapaja yalikuwa yananitetemeka. Nilijua sasa hivi nitakaa, na nikikaa, kisima, cherehani, mpunga wa Mamba na Nyanzala vyote vinakwenda pamoja. Machozi yakanitoka. Hayakuwa jasho, kama wengine wanavyosema.

 Nilichungulia katikati ya vidole. Mama mkwe alijifunika khanga kichwani, ile yenye matope, akateremka kutoka barabarani, akaingia kwenye jaruba upande wake, akanipa mgongo na kuinama, vile vile kama mimi. Mtu hamfanyii hivyo kijana wa mtaani. Anamfanyia mkwe wake.

Kisha akasema, lakini si na mimi, alisema na mpunga uliokuwa mbele yake, "Wewe mpunga, mwambie huyo aliyejificha apite. Mkwe wangu hapandi lori."

Nikapanda barabarani kwa mikono na magoti, nikaenda mpaka kwenye bendera. Baiskeli ilikwishachukuliwa tangu asubuhi. Nililipa mbuzi kwa kumsukuma, na Nyanzala nikamwoa msimu wa mavuno, nikiwa nimevuna mwenyewe.

Ugali wa mama mkwe mpaka leo una madonge. Naumaliza wote.